Neno la Siri Linalojulikana na Ukoo Mzima

Muulize fundi yeyote wa kompyuta mjini Moshi namna ya kuunganisha kompyuta na Wi-Fi ya nyumbani, atakujibu kwa pumzi moja: bofya alama ya mtandao iliyo chini pembeni mwa kioo, chagua jina la ruta yako, andika neno la siri, umemaliza. Jibu hilo ni sahihi, na kwa nyumba nyingi duniani linatosha. Usalama wa Wi-Fi ya nyumbani unaifaa zaidi familia ndogo ndani ya mlango mmoja, watu wanne au watano wanaoweza kutunza siri moja. Familia za namna hiyo zipo katika mitaa ya mjini Moshi kama Shanty Town, zipo na Soweto. Ukipanda Mlima Kilimanjaro kuelekea Kibosho, Uru, Machame au Marangu, unakuta familia imekaa vingine. Ndani ya kihamba kimoja, yaani shamba la migomba la ukoo, kuna nyumba ya wazazi, nyumba ya kitindamimba aliyebaki kuwatunza, jengo la kaka anayefanya kazi Dar es Salaam, na mara nyingine vyumba viwili vitatu wanavyopanga walimu wa shule ya jirani. Ruta ni moja. Neno la siri ni moja, na kila anayepita uani analijua.

Katika mazingira haya, kuwahimiza watu watunze siri ni kazi bure. Siri haiwezi kukaa mahali ambapo ukarimu ni wajibu. Kinachowezekana, na ambacho ruta nyingi zinazouzwa leo zina uwezo nacho, ni kuugawa mtandao: sehemu moja ya kompyuta za kazi, sehemu nyingine ya wageni. Hiyo ndiyo hoja yangu. Ila kwanza inabidi tuone tumefikaje hapa, maana tatizo hili ni jipya kuliko tunavyodhani.

Hadi Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, na bei yake haikuwa ya nyumbani. Mtu wa Moshi alikwenda intaneti kafe, akalipia muda wake, akatoka. Usalama ulikuwa shida ya mwenye kafe. Baadaye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaunganisha mikoa, kampuni za simu zikaleta ruta zinazotumia laini, na faiba ikaanza kuingia mitaani. Mwezi Agosti 2022, shirika la mawasiliano la TTCL pamoja na aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, walizindua intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mpagazi anaweza kumpigia mkewe simu ya video akiwa juu ya mawingu. Intaneti imetufikia haraka sana, na imefika nyumbani bila ya maelekezo yoyote. Kijana wa duka la simu anawasha ruta, anakusomea neno la siri lililobandikwa chini yake, anapokea hela yake.

Tuanze na kuunganisha kwenyewe, kwa sababu hata hapo pana mitego ambayo miongozo ya Ulaya haiitaji. Kompyuta nyingi zinazouzwa Moshi ni zile zilizokwisha kutumika nje: Dell, HP, Lenovo, mashine imara za ofisini zenye miaka minane au kumi. Zikifika hapa fundi anaweka Windows upya. Mara nyingi baada ya hapo alama ya Wi-Fi haionekani kabisa, na mnunuzi anaambiwa kadi imekufa. Aghalabu kadi ni nzima. Kinachokosekana ni draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi hiyo. Na draiva iko mtandaoni, ambako kompyuta haiwezi kufika. Njia ya kutoka ni waya: unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao, au chomeka simu kwa kebo yake ya kuchajia na uruhusu kompyuta itumie intaneti ya simu, kisha iache Windows ijitafutie draiva yenyewe.

Mtego wa pili unawasumbua watu zaidi. Wi-Fi imekubali, alama iko sawa, lakini kila ukurasa unagoma kufunguka na kompyuta inaonya kwamba muunganisho si salama. Watu hubadilisha neno la siri, hupiga simu kwa kampuni, huzima na kuwasha ruta. Tazama tarehe. Ndani ya kompyuta ya zamani kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa mashine inapozimwa. Ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta yenye betri kuu iliyochoka huamka ikiamini kwamba tuko miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inaviona vyote kuwa batili. Ukirekebisha tarehe, kila kitu kinafunguka. Hatari iko kwa anayechoka na maonyo akazoea kuyapita, kwa sababu siku onyo litakapokuwa la kweli hatalisoma.

Halafu kuna migomba. Jani la mgomba limejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya Wi-Fi. Ukuta wa tofali za saruji nao hupunguza, na bati huyarudisha yalikotoka. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, yanayofika mbali kwa kasi ndogo, na ya gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini dhaifu mbele ya vizuizi. Kati ya nyumba ya wazazi na ya kijana, mita 40 za migomba, ni ya kwanza ndiyo itakayofika, na kompyuta za zamani mara nyingi hazioni ya pili hata zikiwekwa kando ya ruta. Ndiyo sababu watu hununua vifaa vya kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Vinasaidia. Lakini baadhi yake huendelea kurusha jina lao la kiwandani, lisilo na ulinzi wowote, hata baada ya kuunganishwa. Mwenye nyumba amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi bila kujua. Ukinunua kifaa hicho, angalia kwenye simu yako ni majina gani mapya yameibuka, na lolote lisilo na alama ya kufuli lishughulikie siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kufuli lenyewe. Wi-Fi ya kwanza ya mwaka 1997 ilikuja na ulinzi ulioitwa WEP. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha udhaifu uliouvunja, na baada yao kazi ya dakika chache ikatosha kuupasua. WPA ikaletwa mwaka 2003 kuziba pengo, kisha WPA2 mwaka 2004, ambayo ndiyo inayolinda nyumba nyingi hadi leo. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza dosari ndani ya WPA2 yenyewe. Ilizibwa kwa kusasisha programu, ingawa kompyuta ambayo haijasasishwa tangu wakati huo inaweza kuwa nayo bado. WPA3 ikatangazwa mwaka 2018.

Tofauti ya WPA2 na WPA3 ndiyo kiini cha suala kwa watu wa mlimani, na naomba msomaji anivumilie hapa. Kompyuta inapojiunga kwa WPA2, neno la siri halisafiri hewani. Ruta na kompyuta hupeana namba za nasibu na kila upande huthibitisha kwamba mwenzake analijua neno. Yeyote aliye karibu anaweza kuyanasa mazungumzo hayo mafupi, kwenda nayo nyumbani, na kuanza kubahatisha kwa utulivu, bila ruta kujua lolote. Kinga pekee ni ugumu wa neno lenyewe.

Na hapa tumejiweka pabaya, kwa kuwa mazoea yetu makubwa ni kutumia namba ya simu kuwa neno la siri. Tuipigie hesabu. Namba ya Tanzania huanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu 8. Jumla ya namba zote zinazowezekana ni milioni 200. Kadi moja nzuri ya picha, ya wacheza michezo ya kompyuta, hujaribu maneno ya WPA2 laki kadhaa kwa sekunde. Namba zote za simu za nchi nzima humalizika kujaribiwa kabla ya saa moja kwisha. Na kama anayebahatisha ni mtu anayekufahamu, hahitaji hata kadi hiyo.

Udhaifu wa pili wa WPA2 hautajwi sana. Mtu aliyekwisha kulijua neno la siri, akiunasa mwanzo wa muunganisho wa kompyuta yako, anaweza kufungua na kusoma data ya Wi-Fi inayopita kati yako na ruta. Maana yake ni kwamba katika kihamba chenye watu 15 wanaolijua neno, kufuli hilo linamzuia mpita njia tu. Waliomo ndani halizuii hata mmoja. WPA3 imeyarekebisha yote mawili. Kila jaribio la kubahatisha lazima lifanywe ana kwa ana na ruta, hivyo hakuna kwenda kubahatisha nyumbani, na kila kifaa hupata ufunguo wake usiosomeka na mwingine hata kama neno la siri ni lilelile. Kama kuna mahali duniani panapohitaji WPA3, ni kwenye nyumba za ukoo kama zetu. Bahati mbaya ndiko ambako kompyuta ni za zamani zaidi. Windows 10 ilianza kuikubali WPA3 mwaka 2019, lakini kadi nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo haziiwezi. Ruta za kisasa zina mpangilio wa kuchanganya WPA2 na WPA3 kwa pamoja: kifaa kipya kinapata kilicho bora, cha zamani hakifungiwi nje. Kama ruta yako inao, uchague.

Hayo ni ya mitambo. Ya watu ni mazito zaidi, na kipimo chake ni Desemba. Kila mwaka mabasi ya Dar es Salaam hujaa, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria imerudi kufika Moshi. Wachagga, wenyeji wa mlima huu, wanarudi nyumbani. Kihamba kilichokuwa na watu sita kinalaza 30, na salamu ya watoto kwa wazee ni moja: "Shikamoo babu, naomba neno la siri la Wi-Fi." Babu hawezi kukataa na hatakiwi kukataa. Mmoja akilipata, wote wamelipata, kwa kuwa tangu Android 10 ya mwaka 2019 simu inaweza kuugeuza mtandao iliounganishwa nao kuwa picha ya msimbo wa QR ambayo mwenzake anaipiga kwa kamera. Januari wageni wanaondoka na simu zao, na kila moja imeutunza mtandao wa babu. Binamu akija Pasaka na rafiki yake, simu inajiunga yenyewe langoni.

Wengine hujaribu kumzuia mtu mmojammoja kwa kuifungia simu yake ndani ya ruta. Njia hiyo ilifaa zamani. Siku hizi Android, na simu za iPhone tangu mwaka 2020, hujibadilishia anwani ya kifaa ili zisifuatiliwe. Aliyefungiwa anaweza kurudi na anwani mpya kwa kugusa mara chache. Kwa mtandao wa neno moja, namna pekee ya kumtoa mtu ni kubadilisha neno, na ukilibadilisha umewatoa wote, pamoja na printa, televisheni na kompyuta ya mama mdogo asiyejua kuirudisha.

Je, mwenye nyumba anapoteza nini hasa? Nisiwatie watu hofu bure. Benki na huduma nyingi za mtandaoni leo husimba mazungumzo yao kuanzia kwenye kompyuta yako hadi kwao, hivyo jirani aliye kwenye Wi-Fi yako hasomi salio lako kirahisi. Hasara ya kwanza ni bando. Ruta ya laini ina gigabaiti za kuhesabika, na video za usiku mmoja za wapwa zinaweza kumwacha mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika akikwama katikati ya fomu ya Bodi ya Mikopo siku ya mwisho. Hasara ya pili ni kompyuta yenyewe kuonekana. Unapojiunga, Windows hutaka kujua kama mtandao ni wa binafsi au wa umma. Ukichagua binafsi, kompyuta yako inajitambulisha kwa vifaa vingine na makabrasha uliyoyashirikisha yanaweza kufikiwa. Katika kihamba chenye ruta moja chagua umma, hata kama uko chumbani kwako mwenyewe.

Hasara ya tatu ni ya kisheria. Vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta moja huonekana huko nje kama mtumiaji mmoja. Laini ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, mara nyingi vya mzee mwenye nyumba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaorodhesha makosa kadhaa, na uchunguzi wa lolote lililofanywa kupitia laini hiyo utaanzia kwa mwenye usajili. Mzee anaweza kujitetea na akashinda. Bado sioni sababu ya kumfikisha huko.

Watu wa mlima huu hawahitaji kufundishwa kugawana kitu kimoja. Mifongo, ile mifereji ya maji iliyochimbwa kutoka mitoni kabla ya ukoloni ilikuwa mali ya wengi: maji yalikuwa na zamu, na asiyekwenda kuufukua mfereji alijua haki yake ingepungua. Hakuna aliyeulinda mfongo kwa kuuficha. Ulilindwa kwa utaratibu ambao kila mtu aliujua, na Wi-Fi ya kihamba inataka akili hiyohiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, kwa kawaida ni namba zinazoanza na 192.168. Jambo la kwanza ni kubadilisha neno la siri la kuingilia hapo, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi na ambalo kiwandani huwa ni neno linalojulikana dunia nzima. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilivamia kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya kiwandani. Zima WPS, ule mfumo wa namba nane za kuunganishia haraka: Stefan Viehböck alionyesha mwaka 2011 kwamba ruta huihakiki namba hiyo kwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza. Kisha washa mtandao wa wageni. Upe jina linaloeleweka, neno jepesi la kuandika, na kama ruta inaruhusu, kikomo cha kasi. Wageni, televisheni na simu za watoto zote ziende huko. Zinapata intaneti, lakini kwenye ruta inayoutenga mtandao huo ipasavyo haziwezi kugusa kompyuta zako. Januari unabadilisha neno la wageni, na hakuna kompyuta ya kazi inayosumbuka.

Mtandao wa kazi uwe na neno refu, na alijue tu mwenye kompyuta ya kazi. Wi-Fi inakubali hadi herufi 63. Fumba macho, fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu mara nne, chukua neno kila kidole kinapotua: kwa mfano tarishi kombamwiko bawaba ufuta. Usitumie haya, yamekwisha chapishwa, na usitumie methali, kwa sababu methali inabahatishika. Maneno manne yaliyookotwa kwa nasibu hata kutoka orodha ya maneno 7,776 tu hutoa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600. Kwa kasi ya majaribio milioni moja kila sekunde, kuimaliza michanganyiko hiyo yote kunachukua zaidi ya miaka 100. Na mama mzee anayasoma kwenye karatasi bila kuuliza herufi kubwa iko wapi.

Nimesikia pingamizi kwamba kumpa ndugu mtandao wa wageni ni kumwita mgeni nyumbani kwao. Lina uzito, na nadhani dawa yake ni jina tu: uite mtandao huo kwa jina la kihamba au la ukoo, kisha ule wa kazi uupe jina la kazi. Hakuna atakayejiona amewekwa barazani.

Kwa wenye kompyuta za zamani, kadi ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB inaweza kukupa gigahezi 5, na baadhi zina WPA3, bila kununua mashine mpya. Ulizia hayo mawili kabla ya kulipa. Fahamu pia kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyosasishwa haikomboki kwa neno la siri zuri. Kama haiwezi kupandishwa hadi Windows 11, muulize fundi akuwekee Linux, ambayo ni bure na huendelea kusasishwa kwenye mashine kuukuu.

Sehemu kubwa ya mzigo huu, hata hivyo, isingepaswa kumwangukia mwenye kihamba. Kampuni zinazouza au kugawa ruta nchini zina uwezo wa kuzikabidhi zikiwa na mtandao wa wageni uliokwisha kuwashwa, WPS imezimwa, neno la kuingilia ni tofauti kwa kila ruta, na ukurasa wa mipangilio uko kwa Kiswahili. Ni mabadiliko yanayofanywa mara moja kabla ruta haijatoka ghalani. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye jukumu la kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, ifanye hayo manne kuwa sharti la idhini, na ianze na ruta za majumbani.